Jogoo Aliyekataa Kuwika Kambi Muru

Nilipokuwa mtoto, Kambi Muru yetu ya Kibera, Nairobi, ilikuwa na ardhi mbili. Moja aliiumba Mungu, ya pili aliiumba landilodi, mwenye ploti. Ya Mungu ilikuwa juu, karibu na reli, ngumu na nyekundu, na mawe yake yalikuwa yakichungulia kila mvua ilipopita. Ya landilodi ilikuwa chini kando ya mto, nyeusi, laini, tambarare kabisa. Mgeni angeipenda hiyo ya chini. Sisi tulijua ilitoka wapi kwa sababu tuliiona ikitengenezwa, na nalisema hili mapema ili asije mtu akaniambia kwamba watu hawakujua. Walijua. Wote walijua.

Ilitengenezwa hivi. Vijana wa mkokoteni walikusanya taka za nyumba za mawe za mtaa wa Ayany, na badala ya kuzipeleka jalalani wakamletea mwenye ploti. Zikamwagwa mtoni. Maganda ya ndizi, karatasi za nailoni, magodoro yaliyooza, viatu vya mguu mmoja, vumbi la mbao kutoka kwa maseremala. Mto ukasukumwa upande wa pili mpaka ukawa mtaro. Taka zilipofika kimo cha ukingo, likaja lori moja la maramu, ile changarawe nyekundu, ikamwagwa juu, watu wakakanyagakanyaga, na baada ya wiki ungeona miti imesimamishwa, matope yamekandikwa, mabati yamegongewa. Ploti mpya hiyo. Kabla ya hapo palikuwa na bonde lenye vishamba vya nduma, na mwamba mpana ambao mama zetu walianikia nguo. Mwamba huo ulifukiwa nikiwa darasa la tatu, na hakuna aliyeuliza kitu.

Mwenye ploti tulimwita Mzee wa Koti, kwa maana koti lake halikuvuliwa hata kwa jua la Februari. Yeye hakuishi Kibera, thubutu! Aliishi Kawangware, kwenye shamba aliloachiwa na babake. Niliwahi kufika huko na Mama tulipoenda kuulizia chumba. Siku hizo Kawangware bado ilikuwa na nafasi, miinuko na mabonde, migomba chini kwenye vijito, na udongo mwekundu uliokuwa ukishika soksi na kukataa kutoka. Nyumba yake ilikuwa ya mawe. Mama aliinama akachota udongo kwa vidole akausugua, akaniambia, "Hapa hata ukipanda mwiko utaota."

Chumba alichotupa hakikuwa hapo. Kilikuwa Kambi Muru, kando ya mto, cha mwisho kwenye mstari.

Tulikuwa watatu nyumbani: mimi, Mama, na Dani. Dani ni nyanya kwa lugha ya kwetu, na huyu alikuwa mama yake baba. Baba alipofariki, Dani alitoka kwetu ziwani akaja Nairobi kumsaidia Mama kunilea, na imani zake alikuja nazo zote, hakuacha hata moja. Alisema ardhi ni ng'ombe. Nyasaye, ndiye Mungu, alimlaza ng'ombe huyo ubavu. Milima ya Ngong, tuliyoiona asubuhi za Januari anga likiwa safi, ni uti wake wa mgongo. Mawe ni mifupa, udongo ni nyama, mito ni mishipa. Mtu mwenye akili hujenga juu ya mfupa. Na anayejua mfupa uko wapi ni jogoo, kwa sababu kutwa nzima kucha zake ziko chini zikikwaruza. Mlaze jogoo mahali. Akiwika alfajiri, jenga. Akinyamaza, funganya.

Leo mimi ni mwalimu, na kila mwaka nasimama mbele ya watoto nikiwafundisha nchi hii ilivyoumbika. Nawachorea ubaoni. Zamani, kabla hajazaliwa mtu, ardhi ilipasuka upande wa Bonde la Ufa, mawe ya moto yakatiririka kuja huku, majivu yakatanda juu yake, kisha mawe tena, kisha majivu tena. Ngong ni mlima wa moto uliovunjika, nusu yake ikadidimia bondeni. Kwenye miinuko, mvua na jua viliyatafuna mawe hayo polepole mpaka yakawa huu udongo mwekundu wa Kawangware. Kule tambarare ambako maji hutuama, pakawa na udongo mweusi unaopasuka kiangazi na kunata masika. Mito ikachimba mabonde katikati. Hayo yote yamo kitabuni na ni kweli. Kisha mtoto ananyoosha mkono, "Ticha, na chini ya Kibera kando ya mto?" Kitabu hakina ukurasa wa ardhi iliyoumbwa kwa nepi na magodoro, na hapo ndipo hasira huanza kunipanda upya mbele ya watoto wa watu.

Basi, ilikuwa mwaka wa tisini na saba. Chumba chetu cha karibu na reli kilikuwa kinavuja mpaka tunalala tumekumbatia sufuria. Mama akachukua ufunguo wa kile cha mtoni. Dani akasema sawa, lakini haingii mtu mpaka jogoo apite.

Sasa kwetu, mwanamume anapofungua boma lake jipya, dala, huenda na mwanawe wa kwanza akiwa na jogoo na shoka, na mkewe hubeba moto. Sisi hatukuwa na mwanamume, hatukuwa na dala. Tulikuwa wapangaji! Nadhani katika Nairobi nzima hajatokea mpangaji mwingine aliyefungua dala kwenye chumba kimoja cha kukodi. Dani hakujali. Jogoo nilibeba mimi, makaa aliyabeba yeye kwenye mkebe wa mafuta ya kupikia, na shoka akaazima kwa jirani.

Jirani huyo ni Baba Rozi. Alikuwa soja wa usiku kwenye jumba la tajiri mmoja, analinda usiku, analala mchana, na katikati anatania watu. Hakuwa na ubaya na mtu.

"Mathe," akamwambia Dani huku akimpa shoka, "hii ni ploti ya kukodi. Hata ukileta ng'ombe mzima, landilodi hawezi kukupunguzia kitu."

"Wewe leta shoka."

"Na huyo jogoo akimaliza kazi, nani atamla?"

"Si wewe. Meno yenyewe unayo wapi?"

Baba Rozi alicheka mpaka akashika ukuta. Kweli meno ya mbele hakuwa nayo.

Tukalaza jogoo chumbani, mimi na Dani juu ya gunia. Alfajiri jogoo wa Kibera wakaanza, wa Laini Saba, wa Kisumu Ndogo, wakaitikiana mpaka Ayany. Wetu alisimama kwa mguu mmoja, akafumba jicho. Dani alingoja. Kukapambazuka, jogoo kimya. Dani akachukua mchi akagonga sakafu. Kule juu ukigonga sakafu kwa mchi, mkono wote unauma. Hapa mchi ulizama, na sauti ilikuwa ya mtu anayepiga godoro.

Kosa lake, kama mtu anataka kuliita kosa, ni kwamba alitoka akasimama mlangoni wakati wanawake wamepanga foleni ya maji, akasema kwa sauti yake yote, "Ardhi hii haina mfupa! Ardhi hii itakula mtu!"

Mama alitamani kupotea kwa aibu. "Mama, tafadhali. Watu wanatuangalia."

"Wacha waangalie."

"Mimi nafulia watu nguo Ayany mpaka vidole vinachubuka, leo nimepata chumba kisichovuja, unaniambia jogoo amekataa? Jogoo ndiye atanitafutia nyumba ingine?"

Dani akaketi chini mlangoni, akanyoosha miguu. "Ingia. Uniruke na mtoto wa mwanangu mkononi, uingie."

Nani anaweza kumruka mama mkwe? Mama alirudisha ufunguo akilia, na tukabaki na chumba chetu na sufuria zetu. Wiki hiyo hiyo chumba kile cha mtoni kilichukuliwa na Baba Rozi. Alipita kwetu amebeba kitanda kichwani. "Asanti Mathe! Jogoo wako amenipatia keja."

Dani hakucheka. Alimshika mkono. "Mwanangu, usilale mle."

"Mathe, mimi silali usiku. Mimi ni wa mchana."

Mvua zilizokuja mwisho wa mwaka ule hakuna haja ya kuzieleza, aliyekuwa Nairobi anazikumbuka, zile za Elinino. Zilinyesha mpaka mto ukakumbuka ukubwa wake wa zamani. Asubuhi moja saa nne, Baba Rozi akiwa ametoka kazini amelala, mkewe akiwa stejini kwenye matatu anauza samaki wa omena, na Rozi na wadogo zake wakiwa shule, chumba cha mwisho kiliondoka, na nusu ya kile cha pili. Havikuanguka. Viliondoka, vikateremka na ardhi yake. Nilisikia watu wakipiga nduru nikakimbia na wengine.

Wanaume walichimba kwa majembe na kwa mikono. Nataka hili lieleweke, kwa sababu nililiona kwa macho yangu: udongo haukuwepo. Kilichotoka ni karatasi za nailoni zilizoshikana, chupa, vitambaa, kipande cha godoro, kiatu. Kila koleo lililoinuliwa liliinua taka, na harufu ilikuwa ya jalala. Mzee mmoja alisema kwa sauti, "Kumbe tunalala juu ya uchafu mtupu," na watu wakamwitikia. Walimpata Baba Rozi jioni. Mkewe alisukuma watu, akapiga magoti, akamsafisha uso kwa leso yake.

Siku ya matanga Mzee wa Koti alikuja kutoka Kawangware na buti za mpira. Hakushuka mpaka chini. Alisimama juu kwenye sehemu ngumu, huyo mjinga alijua vizuri pa kusimama, akaleta unga na blanketi, akatoa pole. Kisha akaanza.

"Mimi nimejenga Kibera wengine wenu hamjazaliwa. Nyumba zangu hazianguki zenyewe. Hebu niambieni, kabla mvua haijakuja, ni nani alisema hapa patakula mtu?"

Watu wakatazamana.

"Ni nani alileta moto na shoka na jogoo kwa nyumba yangu? Na hiyo nyumba, nani aliichukua kwanza akairudisha?"

Nikaona vichwa vinageuka kimoja kimoja kututazama. Dani alikuwa amekaa na wanawake wengine, amejifunga leso nyeusi, amelia tangu asubuhi kwa ajili ya kijana aliyemwita mwanangu.

"Na shoka lilikuwa la nani?" Mzee wa Koti akauliza.

"La marehemu!" mtu akapiga kelele.

"Alimtupia! Kifo kilikuwa cha kwao, akamtupia!" mwingine akadakia.

Halafu neno lenyewe likatoka, jajuok, mchawi. Limetoka wapi sijui, lakini lilipotoka halikurudi.

Mzee wa Koti akainua mkono, watu wakanyamaza, akamgeukia Mama Rozi aliyekuwa chini kwenye mkeka. "Mama, wewe ndiye mwenye msiba. Unasema nini?"

Mama Rozi alimtazama Dani. Alimtazama sana. Kisha akasema, "Kikulacho ki nguoni mwako."

Mpaka leo methali hiyo siitamki. Wanafunzi wangu wakiiandika kwenye insha naikata kwa kalamu nyekundu bila sababu.

Nimekuwa na miaka mingi ya kufikiri kuhusu siku hiyo na nitasema ninavyoona. Wale watu hawakuwa wajinga. Ukisema Baba Rozi aliuawa na taka, basi vyumba vyote vya mstari ule vimekaa juu ya taka, na wewe na watoto wako mko ndani yake, na mvua bado inanyesha, na huna pa kwenda. Ukisema aliuawa na mchawi, mambo ni rahisi. Unamfukuza mchawi, unarudi unalala. Waliuziwa usingizi. Aliyewauzia alirudi Kawangware kabla giza halijaingia, akalala kwenye nyumba ya mawe. Nina hasira naye. Wengine huniambia ni mambo ya kale, nimwachie Mungu. Ng'o! Mungu ana zake, nami nina zangu.

Mchana ule mabati yetu yalipigwa mawe. Mama alifungasha nguo za Dani. Hakuamini kwamba wasingeturudia na petroli.

"Nimefanya nini?" Dani alimuuliza. "Nilisema tu alichosema jogoo."

"Najua, Mama. Najua. Lakini twende."

Tulimpandisha basi la kwenda kwetu ziwani kukiwa bado mchana, na yeye akakaa dirishani bila kupunga mkono. Sisi wawili hatukurudi Kambi Muru. Mwanamke mmoja wa kanisa letu alitupokea Kawangware, na ndiko nilikokulia.

Likizo iliyofuata nilienda kumwona. Alikuwa amekonda. Yule mama aliyekuwa akisimulia ng'ombe wa Nyasaye mpaka moto unazima, hakusema tena neno juu ya ardhi. Mawingu yangekuwa meusi juu ya ziwa, hata kuku wanakimbilia ndani, na jirani akimuuliza kama itanyesha, anajibu, "Sijui. Msiniulize mimi." Siku moja tukipembua mtama aliniuliza, "Akinyi, neno la mtu linaweza kubomoa nyumba?"

"Hapana, Dani. Zilikuwa taka. Niliziona."

Akatikisa kichwa polepole, jinsi mtu mzima anavyomkubalia mtoto ili mtoto anyamaze. Waliweza hilo. Kumfukuza si kitu, angefukuzwa angerudi. Walimfanya aamini. Alifariki nikiwa sekondari, na wosia aliomwachia shangazi ulikuwa mmoja: mkionana na mke wa yule soja, mwambieni aniwie radhi.

Mzee wa Koti alifariki pia, akazikwa vizuri sana kwenye udongo wake mwekundu, na mhubiri akamsifu kwa kuwapa maskini makao. Siku hizi shamba lake limejaa magorofa, migomba haipo, vijito vimekuwa mitaro kama ule wetu. Na kule Kambi Muru, pale palipoondoka pamejazwa tena. Nilienda kupaona. Pamejazwa na nini, sihitaji kusema.

Muhula uliopita tulikuwa na mkutano wa wazazi shuleni kwangu, hapa Kawangware. Mama mmoja wa makamo alibaki nyuma wengine walipotoka, amekuja kwa ajili ya mjukuu wake.

"Wewe si Akinyi wa Kambi Muru?"

Nilimjua kabla hajamaliza. Mama Rozi.

"Na nyanyako?"

"Alifariki zamani. Alikuagiza. Alisema umwie radhi."

"Radhi ya nini?"

"Ya kumuua bwanako," nikamwambia, na sikulainisha sauti.

Akaketi kwenye dawati la mtoto, magoti yakamgonga kifuani.

"Akinyi, mimi nilimtoa nailoni mdomoni kwa vidole vyangu. Wewe unafikiri mimi sikujua?"

"Sasa mbona ulisema vile?"

"Mzee wa Koti alikuja kwangu asubuhi ya matanga, kabla ya watu. Akasema ana chumba cha mawe huku Kawangware, nikae na watoto mpaka wakue. Bora habari ya taka isitoke kwa mdomo wangu." Akanitazama. "Nilikuwa na watoto watatu na mvua inanyesha. Ningewapeleka wapi?"

Nilikuwa nimeyaandaa maneno kwa mwanamke huyo tangu utotoni, tena makali, na badala ya kuyasema nikaanza kufuta ubao. Aliwachagua watoto wake. Dani alipoketi pale mlangoni na kunyoosha miguu alikuwa amenichagua mimi, na chumba kilichobaki wazi akakipata Baba Rozi. Nani nitamhukumu hapo? Lakini Dani naye ana haki yake, nami ndiye niliyebaki wa kumdaia.

"Nitaenda kwa kaburi lake," Mama Rozi akasema. "Nitamwambia."

"Kaburini hakuna watu," nikamwambia. "Yeye alifukuzwa mbele za watu."

"Unataka niseme wapi?"

"Kesho nafundisha jinsi ardhi ya Nairobi ilivyoumbika. Mjukuu wako yuko darasani."

Sikufikiri angekuja. Alikuja, amevaa nguo ya kanisani. Nilichora Ngong, nikachora mawe ya moto na majivu, udongo mwekundu na udongo mweusi, kisha nikampa chaki na kwenda kukaa nyuma. Hakuitumia. Alisimama tu na kuwaambia watoto kuhusu mkokoteni, na taka, na lori la maramu, na mtu aliyekuwa amelala saa nne asubuhi. Mjukuu wake alikuwa amefungua mdomo. Mwishoni aliniangalia, akaniuliza jina la nyanyangu la ubatizo, kwa kuwa hakuwahi kulijua. Nikamwambia.

"Aliitwa Perpetua," akawaambia watoto. "Alituonya. Na hakuua mtu."